Dhahabu ya Kidoleni

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti mbele ya mama mkwe, namwomba kaburi la mumewe. Waliosoma wanajua. Wasiosoma nitawaeleza kwa ufupi, ingawa ufupi haupunguzi aibu.

Mimi ni mjiolojia. Natafuta dhahabu kwenye mawe, na kampuni ilinipa kuchunguza kilima kilekile alikozaliwa mume wangu. Vilima vyote vya dunia hii, wakanipa hicho.

Ni volkano ya zamani, ilizimika kabla hajazaliwa mtu wa kuiogopa. Maji ya moto yalipanda kwenye nyufa zake yakayapika mawe. Mengine yakageuka udongo mweupe, mengine yakawa magumu hata nyundo inaruka. Mahali pa namna hiyo dhahabu hupenda kujificha. Nasema hupenda, sisemi lazima iwepo.

Tulichoronga kwa mashine shimo moja jembamba kwenye mteremko. Majibu ya maabara yakarudi na dhahabu, tena ya kupigiwa vigelegele. Bosi wangu tunamwita Mzee Nyundo, maana hata harusini anakwenda na nyundo yake ya mawe. Akasema shimo la pili lichorongwe juu kabisa, kileleni. Kileleni pana tambarare moja tu ya kusimamisha mashine. Na kwenye tambarare hiyo amelala baba mkwe.

Mama mkwe alikataa. Wanawe wakakataa. Nikapiga magoti, nikalia, nikasema kazi yangu itaota mbawa. Mama akaninyanyua kwa mikono yake miwili.

"Basi, mwanangu," akasema. "Kama ni kwa ajili yako, mzee atahama."

Tuliishia hapo. Laiti tungeishia hapo kweli.

Kesho yake niliingia kwenye banda letu la sampuli. Ni banda la mabati lenye meza ndefu, msumeno wa maji, na masanduku yaliyopangwa hadi darini. Ndani ya masanduku mna fimbo za mawe zilizotolewa ardhini na mashine. Kila fimbo hupasuliwa kwa urefu. Nusu inakwenda maabara, nusu inabaki sandukuni kuwa shahidi.

Mlangoni pana kibao nilichokiandika mimi kwa mkono wangu: HAPANA PETE, HAPANA HERENI, HAPANA MKUFU. Msinicheke bado.

Sababu yake ni hii. Dhahabu tunayoitafuta ni chembe, hata macho hayaioni. Pete ikikwaruzwa na jiwe, kavumbi kake kakaingia kwenye mfuko wa sampuli, jiwe fukara litarudi kutoka maabara linajigamba kuwa tajiri. Kwa ajili hiyo niliwahi kumrudisha mama mmoja nyumbani na kipini chake cha pua. Alinilaani mpaka getini.

Sasa nilikuwa nanawa mikono. Nikasugua kidole cha ndoa, nikaona pete yangu.

Upande wa kiganjani ilikuwa imekwanguliwa. Mikwaruzo mitupu, na ukingo umelika.

Pete ile alinipa mama mkwe siku ya harusi, aliitoa kidoleni kwake. Aliniambia, "Hii aliniletea marehemu baba yenu. Usiivue, mwanangu, hata ukioga." Nami sikuivua. Chini yake kidole kimeota alama ya kijani, mama akasema ni sabuni. Mkwe akisema sabuni, ni sabuni.

Ndani ya banda niliivaa chini ya glavu. Nilijiambia kanuni ni ya wengine, mimi nina glavu.

Ila ule udongo mweupe wa shimo letu ulikuwa laini. Ukiupeleka kwenye msumeno, maji yanausomba wote. Inabidi uupasue kwa kisu na kuumega kwa mikono, na ndani yake mna vipande vya jiwe gumu vinavyokata. Glavu ziliteleza. Nikazivua. Pete nikaisahau, kama mtu anavyosahau pua yake.

Na sampuli zilizojibu kwa dhahabu ni zipi? Ni zile za udongo mweupe, zilezile zilizopita mikononi mwangu.

Nikakaa juu ya sanduku.

Yaani nilitaka kumfukua mzee wa watu, natafuta pete aliyoinunua mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwa mama mkwe na tope langu mikononi, kunawa sikumaliza. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Mume wangu alikuwa ananoa jembe. Mdogo wake, shemeji yangu, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa anapanga nani achimbe upande gani wa kaburi.

Nikasema yote, nimesimama, bila kupumua.

Redio alikuwa wa kwanza. "Subiri kwanza, shemeji. Unataka kusema mgodi tunao hapa hapa, kwenye kidole chako?"

"Huenda."

"Basi tusihangaike kupanda kilima. Tukuchoronge wewe!"

Hakuna aliyecheka. Mume wangu aliweka tupa chini.

"Ulivaa pete ndani ya banda," akasema. "Wewe. Uliyemfukuza mama wa watu kwa kipini cha pua."

"Nilikosa."

"Jana nililala nje, unajua kwa nini? Nilikuwa nafikiria jembe la kwanza nitalipigaje juu ya baba yangu. Nikajikaza. Nikasema mke wangu ni msomi, anajua anachofanya."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamgeukia mama mkwe. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Hiyo dhahabu waliyoiona," akasema taratibu, "inaweza kuwa ya pete hii?"

"Inaweza, mama."

"Na ikiwa ni ya pete, mzee habanduliwi?"

"Habanduliwi. Kule juu hakutakuwa na cha kufuata."

"Na watajuaje?"

"Ofisini kuna mashine ya mkononi. Wanaielekeza kwenye pete, inasema ndani yake mna nini."

Akachagua jiwe moja kwenye mchele, akalitupa. "Haikosei?"

"Kwa kitu kama pete, haikosei."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akaweka ungo chini. Mimi nikadhani anaiogopea kazi yangu, nikazidi kuona haya.

"Lazima uende nayo?" akauliza. "Si uwaambie tu kwa mdomo kwamba ulivaa?"

"Mzee Nyundo haamini mdomo. Anaamini mashine."

"Haya. Nenda. Ila ukirudi, mwanangu, jibu niambie mimi kwanza. Mimi peke yangu."

Msomaji, shika maneno hayo. Mimi sikuyashika.

Mzee Nyundo alinisikiliza akiwa ameegemea kiti, nyundo mapajani. Nilipomaliza akanyoosha kiganja.

"Vua."

Nilivuta, ikagoma. Nikatia sabuni, nikavuta tena mpaka ngozi ikachubuka. Ilipotoka, pale ilipokaa palikuwa na duara la kijani. Alilitazama lile duara zaidi kuliko alivyoitazama pete.

"Hii alama ya nini?"

"Sabuni," nikajibu.

Akaguna. Akaichukua mashine, inafanana na bunduki ya kuchezea watoto, akaikandamiza kwenye pete pale ilipolika. Ikalia mlio wake. Akasoma. Akapiga tena upande wa pili. Akasoma. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe.

Shaba. Zinki. Dhahabu hakuna.

"Piga tena," nikasema.

"Nimepiga pande mbili."

"Bosi, tafadhali."

Akapiga tena. Shaba, zinki. Dhahabu haikuwemo hata ya kudanganyia mbu.

Ndipo akacheka. Alicheka mpaka nyundo ikaanguka chini, na watu wa chumba cha pili wakachungulia.

"Shaba na zinki, hili ni bomba la bafuni!" akasema. "Umevaa bomba la bafuni tangu umeolewa! Na wewe ndiye unayewafundisha wageni kwamba si kila king'aacho ni dhahabu!"

Nilisimama pale na kidole changu cha kijani. Nimesoma mawe chuo kizima. Nikiokota jiwe linalometameta njiani nakuambia papo hapo hili ni dhahabu, hili ni danganya toto. Cha kidoleni mwangu sikukijua. Mama mkwe alisema dhahabu, nikasema dhahabu. Heshima ilinitia upofu, na upofu wa heshima hauna miwani.

"La kuvunja kanuni tutalizungumza," Mzee Nyundo akasema, anajifuta machozi. "Halitakwisha hivihivi, usidhani. Lakini shimo letu limepona. Shaba haigeuki dhahabu. Kama pete haina, basi dhahabu ile ni ya mwamba. Hongera."

Hongera! Neno hilo halijawahi kunichoma vile.

"Na ile nusu iliyobaki sandukuni?" nikauliza. "Tuipeleke kwanza maabara ihakikishwe. Tusubiri."

"Itakwenda. Ila mashine ya kuchoronga haisubiri. Ipo barabarani tayari, inapanda leo. Watu wa nyumbani si walikubali?"

"Tukichorongea upande wa pili wa kilima?"

"Upande wa pili ni jabali tupu. Nani akate barabara? Wewe na hiyo pete?" Akasimama, akaokota nyundo. "Nenda kawaambie wamalize kumhamisha mzee. Mimi nakuja nyuma yako."

Nikatoka. Pete niliifumbata, maana kuivaa nilishindwa.

Njiani nilimkasirikia marehemu. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilisema moyoni, kumbe wewe baba mkwe ulikuwa mjanja hivi? Ulimletea mwanamke shaba ukamwambia dhahabu, akaitunza ujana wake wote, akanirithisha mimi kwa machozi? Na sasa mimi ndiye nikamwambie?

Nikijibu shaba, nitakuwa nimemvunjia mama heshima ya ndoa yake, na papo hapo nimewapa wanawe ruhusa ya kupiga jembe. Makofi mawili kwa mkono mmoja.

Nikijibu dhahabu, nitakuwa nimedanganya, tena nadanganya kuhusu kitu pekee duniani ninacholipwa kusema ukweli wake.

Nilipofika kileleni, walikokuwa wakinisubiri, sikuwa nimeamua.

Walikuwa wote pale. Kaburi lilikuwa bado zima, na mawe yake yaliyopangwa ukingoni yalikuwa hayajaguswa. Majembe yalikuwa yamelala kwenye nyasi. Mama mkwe alikuwa amekaa chini upande wa kichwani, ameegemeza mkono juu ya jiwe, kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Aliponiona alianza kunyanyuka ili anifuate kando. Alitaka jibu lake, yeye kwanza, peke yake. Lakini Redio ni Redio.

"Shemeji!" akapaza sauti nikiwa bado mbali. "Sema hapo hapo ulipo! Pete ni dhahabu au si dhahabu?"

Mama akasema, "Mwacheni apumue."

"Aseme kwanza, mama! Tuchimbe au tusichimbe?"

Mume wangu alikuwa ameshika mpini wa jembe, ananitazama. Yale macho yalikuwa yananiomba, na mume wangu si mtu wa kuomba.

Nikafungua mdomo.

"Ni dhahabu," nikasema.

Jembe likamtoka mkononi.

"Mashine imethibitisha," nikaongeza, maana uongo ukiupa kidole unataka mkono. "Ni dhahabu tupu. Ile ya maabara ilitoka kwenye pete. Mzee alale mahali pake."

Redio alirusha kofia juu. Alinikumbatia, akasema mimi ni mjinga kuliko wajiolojia wote aliowahi kuwaona, na ananipenda hivyo hivyo. Mume wangu alikaa chini palepale, akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi.

"Lala, baba," akasema. "Lala, yamekwisha."

Akalia. Mume wangu hakulia siku aliyomzika baba yake. Alilia kwa uongo wangu.

Sijapata kuona aibu ya namna ile. Uongo mwingine hukutoa jasho kwa sababu huaminiwi. Huu ulinitoa jasho kwa sababu waliniamini wote.

"Hebu nipe niione hiyo pete yenye mgodi," Redio akasema, amenyoosha mkono. "Nami nivae siku moja, nitafute mchumba."

Nikaifumbata zaidi. Akanishika kidole cha kwanza, anakikunjua kwa utani.

"Acha!" mama mkwe akasema.

Alikuwa amekwisha fika. Sikumbuki kama nimewahi kumwona akitembea haraka vile. Aliichukua pete mkononi mwangu kabla Redio hajaiona sawasawa, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akakaza fundo kwa meno.

"Pete ya marehemu si ya kuchezea," akasema. "Rudisheni majembe nyumbani. Nyote wawili. Mkwe wangu atabaki na mimi."

"Lakini mama…"

"Nimesema nyote wawili."

Wakaondoka kwa njia ya nyuma. Redio alikuwa anapiga mluzi. Mume wangu aligeuka mara moja, akanitikisia kichwa kunishukuru.

Tukabaki sisi wawili na kaburi. Nilijua inanipasa kupiga magoti tena, lakini nilikuwa nimeyamaliza yote jana yake.

"Umesema dhahabu," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mashine imesema dhahabu?"

Niliinamisha kichwa.

"Nitazame, mwanangu. Imesema dhahabu?"

"Imesema… mama, mashine zina mambo yake."

"Uliniambia haikosei hata kidogo."

Alikaa tena chini, taratibu, akaegemeza mkono wake juu ya lile jiwe.

"Imesema shaba," akasema.

Nikamtazama. Hakuwa na mshangao wowote usoni. Alikuwa na kitu kingine, na nilikitambua mara moja kwa sababu nami nilikuwa nacho. Ilikuwa aibu.

"Mama. Ulijua?"

"Baba yenu aliniletea dhahabu. Ya kweli. Usimdhanie vibaya hata siku moja."

Nilikuwa nimemdhania vibaya njia nzima.

"Alipougua tuliuza vitu," akaendelea. "Dawa haziishi. Pete alinikataza. Alisema heri afe kabla haijatoka kidoleni kwangu. Nikaiuza kwa siri, nikanunua ya shaba inayofanana nayo, nikavaa. Alikuwa akinishika mkono huu kila siku, anaigusa, anasema, 'Angalau hii imebaki.' Nami najibu, 'Imebaki, mume wangu.' Akafa akiishika hivyo."

"Mama…"

"Nyamaza, nimalizie, nikisita sitaweza tena. Uliponiambia habari ya mashine nilijua utakuta shaba. Ningekuambia palepale. Lakini nikasema huenda itakosea. Huenda Mungu ataisitiri. Nilitaka abaki, mwanangu. Nilimdanganya mpaka dakika yake ya mwisho, nitamfukuaje tena? Nitamtazamaje?"

Nikakaa kando yake. Yeye alinyamaza ili kaburi libaki, mimi nikadanganya ili kaburi libaki, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake. Mama na mkwe, pete moja, mdomo mmoja.

"Aibu yako hii," akasema, anagusa fundo kwenye pindo lake, "nimekurithisha mimi. Nisamehe."

"Unisamehe wewe, mama."

"Sasa tumesameheana. Tufanyeje?"

Hapo ndipo tulipousikia. Muungurumo, chini, kwenye kona ya kwanza ya kilima. Nikasimama. Lori la mashine lilikuwa linapanda polepole, na mbele yake gari jeupe la Mzee Nyundo. Alikuwa ametoa mkono dirishani, anapunga nyundo kama anakwenda harusini.

Na kumbe njia ya nyuma inakutana na ya mbele palepale kwenye kona ya pili. Nilimwona Redio amesimama katikati ya barabara na jembe begani, anamsimamisha, anacheka, tayari kumpasha habari njema. Mume wangu alikuwa nyuma yake.

Mama mkwe naye aliona. Aliguna.

"Huyo wa kwenye gari jeupe," akauliza, "ameisoma mashine?"

"Ameisoma, mama. Mara tatu."

Akanipa mkono nimnyanyue. Akakung'uta udongo nguoni. Gari lilikuwa limesimama, Mzee Nyundo ameteremka, na hata kutoka juu kule nilisikia kicheko chake kikianza.

"Basi tuchague haraka kabla hawajafika," mama mkwe akasema. "Mbele ya wanangu, mwongo awe nani? Wewe, mimi, au marehemu?"